Barua kwa Musawo: Doksi mbili za asubuhi

Mwezi huu barua nyingi mlizoniandikia mimi Musawo, yaani daktari wenu, zimefuata barabara moja ya Uganda, kutoka Malaba kwenye mpaka wa Kenya hadi Elegu kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na zinauliza dawa moja: antibayotiki iitwayo doksi. Nimechagua chache. Majina nimeyaondoa, kama kawaida yetu hapa.

Musawo, habari ya kazi. Mimi ni dereva wa trela. Nachukua mzigo Mombasa, napita Malaba, naingia Kampala, safari nyingine nafika hadi Juba. Mke wangu na watoto wako Tororo. Sitakuficha, njiani kuna mambo. Mwaka jana nilitokwa na usaha nikiwa Elegu. Nikanunua antibayotiki ya sipro dukani, ikakauka, ikarudi. Nikapewa zile kapsuli za rangi mbili, ikakauka tena. Sasa tanboi wangu amenionyesha njia nyingine. Kuna mama ana duka la dawa karibu na paking, anakufungia doksi mbili ndani ya kaveera, kimfuko cha plastiki, kwa elfu mbili. Unameza asubuhi baada ya kulala na mwanamke, hushikwi na kitu. Kijana anasema hata Marekani serikali imekubali. Kama wao wanameza, sisi tunakatazwa kwa nini? Si nyinyi mnasema kinga ni bora kuliko tiba? Na kama inazuia ukimwi pia, uniambie. — Dereva, Malaba

Dereva, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la hatari zaidi. Doksi haizuii ukimwi, hata kidogo. Doksi, yaani doksisaiklini, inapambana na bakteria, na HIV ni kirusi. Kondomu ikipasuka Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi uwe kwenye kituo cha afya unaomba PEP, vidonge vya kuzuia HIV vinavyoanzwa kabla ya saa 72 kupita na kumezwa siku 28 mfululizo. Doksi ya tanboi wako nayo inahesabiwa saa 72, na nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya. Nimeshakutana na mtu aliyemeza doksi akarudi kulala kwa amani, akija kuuliza siku nne zimepita na mlango wa PEP umefungwa.

Sasa tumtendee haki tanboi, maana hakudanganya. Mwezi wa sita 2024, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilitoa mwongozo kuhusu jambo hilo hilo: miligramu 200 za doksi, yaani kapsuli mbili za mia mia, ndani ya saa 72 baada ya ngono, na zisizidi hizo kwa saa 24. Msingi wake ni tafiti kadhaa. Ule uliosikika sana ulifanywa San Francisco na Seattle ukachapishwa 2023: waliomeza walipata magonjwa ya zinaa pungufu kwa karibu theluthi mbili. Klamidia na kaswende zilishuka sana. Kisonono kilishuka pia, lakini si kwa kiasi hicho, na kule Ufaransa utafiti wa kwanza haukuona kisonono kikishuka hata kidogo.

Ila tanboi alisoma kichwa cha habari akaacha habari yenyewe. Mwongozo ule unahusu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, pamoja na wanawake waliozaliwa na jinsia ya kiume, tena wale waliowahi kupata kaswende, klamidia au kisonono ndani ya miezi 12 iliyopita. Hao ndio waliopimwa kwenye tafiti hizo. (Yeyote kati yao akiniandikia hapa nitamjibu kama ninavyokujibu wewe, bila mahubiri.) Na hawapewi doksi wakaachiwa barabara: wanarudi kliniki kila miezi mitatu hadi sita kupimwa damu, mkojo, koo, kila mahali. Wewe unapewa kaveera, na duka linafunga saa nne usiku.

Kuhusu kinga na tiba, sina ugomvi na antibayotiki ya kinga. Ingia wodi yoyote ya kujifungulia Uganda. Mtoto akishafutwa, sista anashusha kope la chini kwa kidole gumba na kuchora mstari mwembamba wa njano wa mafuta ya tetrasaiklini, jicho moja kisha la pili. Mtoto analia, mama analalamika kwamba mnampaka nini mtoto wangu. Hiyo ni kinga ya macho dhidi ya kisonono na klamidia ambayo mama anaweza kuwa nayo bila kujua, na doksi yako inatoka ukoo huo huo wa tetrasaiklini. Lakini ile inapakwa mara moja maishani, kwa hatari inayojulikana, na mkono unaojua unachofanya. Wewe unataka kumeza kila unapopaki, na kwa maelezo yako unapaki sana.

Shida kubwa ni kwamba ugonjwa wako wenyewe, huo wa usaha ambao Waganda wanauita enziku, ndio ambao doksi inauweza kidogo kuliko yote. Kisonono kimezila dawa zetu moja baada ya nyingine. Salfa zilitumika miaka ya 1930, zikashindwa. Ikaja penisilini, na kufikia 1976 tayari kulikuwa na kisonono chenye kimeng'enya cha kuivunjavunja. Tetrasaiklini nayo ikashindwa miaka ya 1980. Halafu sipro. Vipimo vinavyofanywa kwenye kliniki za Kampala, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usugu wa kisonono, vinaonyesha sipro haifui dafu kwa zaidi ya 9 kati ya wagonjwa 10. Kwa hiyo ile sipro ya Elegu ilikupunguzia dalili tu, au usaha ulipumzika wenyewe. Vijidudu vilibaki ndani vinaendelea na kazi, na wewe ukaenda nyumbani Tororo.

Na wazo la tanboi si jipya. Mwaka 1979 walichapisha utafiti wa mabaharia wa jeshi la majini la Marekani waliopewa kapsuli baada ya kwenda kwa wanawake bandarini, watu wa safari kama wewe. Dawa ilikuwa minosaiklini, ndugu ya doksi, miligramu 200. Ilizuia kisonono kisicho na usugu. Kile chenye usugu kilipita kama hakuna aliyemeza kitu. Watafiti wenyewe wakaandika kwamba ukifanya hivyo kwa wengi, utabaki na hicho sugu peke yake. Fikiria hapa kwetu, ambapo hicho sugu ndicho kingi tangu mwanzo.

Sasa fanya hivi. Ukishuka Tororo au popote penye kituo cha afya cha serikali, ingia mchana, usisubiri giza. Hulipi kumwona mhudumu, ada zilifutwa 2001. Mwambie yote uliyoniambia mimi, na majina ya dawa ulizomeza, hata kama unakumbuka rangi tu. Kwa usaha, dawa inayoaminika leo ni sindano ya seftriaksoni au vidonge vya sefiksimu, pamoja na dawa ya klamidia, kwa sababu hayo mawili hupenda kusafiri pamoja. Dawa hiyo ya pili inaweza kuwa doksi ile ile. Hapo ndipo kazi yake ilipo: kapsuli moja asubuhi, moja jioni, siku 7. Hiyo ni kapsuli 14, siyo mbili. Zimeze umekaa au umesimama, kwa bilauri nzima ya maji, usiku ukiwa bado na muda kabla ya kulala. Doksi ikinasa kooni inachoma kidonda, na kwa siku kadhaa hata kumeza mate utalia. Madereva ndio wateja wakubwa wa kidonda hicho: anameza kavu, anarudi kujilaza nyuma ya kiti. Usimezee maziwa, yanaifunga isiingie yote mwilini. Na kama unaendesha mchana kutwa mkono uko dirishani, funika, jua litakubabua.

Ukirudi bado usaha upo, usibadilishe duka. Rudi pale pale ulipochomwa, uwaambie haikukauka, waombe wachukue kipimo cha kuotesha vijidudu maabara kama wanaweza au wakutume hospitali ya wilaya. Kisonono kinachoshinda seftriaksoni ni habari ambayo Wizara ya Afya inatakiwa kuijua haraka.

Na mke wako. Umeandika mistari mingi, yeye umempa neno moja. Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawaoni dalili yoyote mpaka mirija imeziba au mimba imetunga nje ya kizazi. Omba kile kikaratasi cha kumwita mwenzako, atibiwe siku moja na wewe, na msilale pamoja mpaka siku 7 zipite. Utakavyomweleza ni juu yako. Mimi nimeona ndoa zikipona baada ya mazungumzo hayo na nimeona nyingine zikivunjika, sitakupa uongo.

Musawo, nafanya kazi baa hapa Elegu. Niko kwenye PrEP, vidonge vya kujikinga na HIV kabla ya kukutana nayo, mwaka wa pili, tarehe yangu sipitishi. Wateja wengine wanalipa zaidi ili wasivae kondomu, na siku nyingine ada ya shule ya mdogo wangu inanilazimisha. Je, na mimi nimeze doksi? Bado sijazaa, nataka kuzaa. — Dada wa baa

Mdogo wangu, swali lako lina jibu lililopatikana karibu kabisa na kwetu. Kisumu, ng'ambo ya ziwa, watafiti walichukua wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30, wote wako kwenye PrEP kama wewe. Nusu wakapewa doksi ya kumeza baada ya ngono, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka yakahesabiwa maambukizi mapya 109, mengi klamidia. Upande wa doksi yalikuwa 50, upande mwingine 59. Tofauti ndogo kiasi hicho inaweza kuwa bahati tu. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2023.

Kwa nini imesaidia San Francisco na Kisumu isisaidie? Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye nywele. Ukimeza doksi, alama yake inabaki kwenye unywele unaoota. Wanawake walisema wanameza vizuri, lakini nywele za baadhi yao zilipopimwa, doksi ilionekana kwenye sampuli 29 tu kati ya kila 100. Wengine wanalisoma hilo kama uongo wa wanawake. Mimi ninawaelewa. Chumba ni kimoja, unalala na mdogo wako, kila mwenye jicho anajua PrEP ni nini, na sasa kuna kidonge cha pili cha kuelezea. Sehemu nyingine ya jibu unaijua kama umesoma barua ya dereva hapo juu: kisonono walichokipima Kisumu chote kilikuwa na alama ya usugu kwa tetrasaiklini. Klamidia haikuwa na usugu, kwa hiyo inawezekana kabisa mwanamke anayemeza kila mara angeikwepa. Lakini hilo bado halijathibitishwa kwa wanawake, na siwezi kukuuzia matumaini kwa bei ya dawa.

Nikiwa wewe, ningeitumia ile tarehe ya PrEP ambayo hupitishi. Kila ukienda kuchukua, usikubali kupewa chupa tu ukaondoka. Sema: nataka kupimwa magonjwa ya zinaa. Kaswende ni tone la damu. Kwa klamidia na kisonono, hospitali nyingi zina mashine ya GeneXpert kwa ajili ya kifua kikuu, na mashine hiyo hiyo inaweza kupima haya mawili kama katriji zake zipo. Mara nyingi hazipo, najua. Uliza hata hivyo, kwa sababu kitu ambacho hakuna anayekiuliza hakiagizwi. Ukisikia maumivu chini ya kitovu, au damu baada ya tendo, nenda siku hiyo hiyo, usingoje tarehe. Ugonjwa unaoleta maumivu hayo ndio unaoharibu mirija, na wewe unataka kuzaa. Ukichelewa hedhi, doksi usiiguse kabisa mpaka umejipima mimba, kuna dawa nyingine za mjamzito.

Kuhusu wanaolipa zaidi, sikuhukumu. Kondomu ya kike iulizie hapo hapo kwenye PrEP. Kuna wateja wanaokataa kuvaa wao lakini hawagombani na wewe ukivaa.

Musawo, mimi ni yule unayemsema kila mwezi. Nina duka la dawa Naluwerere, Bugiri, malori yanalala hapa kila usiku. Wanakuja wanasema mama, nipe ya kesho. Nikikataa, duka la pili liko hatua chache. Nina kodi ya chumba. Unataka nifanye nini? — Mwenye duka

Mama, nashukuru umeandika. Duka lako ndilo kliniki ya kwanza ya nusu ya barabara hii, na wanaokusema vibaya hao hao watoto wao wakipata homa saa tano usiku wanakugongea dirisha. Sheria unaijua: antibayotiki ni dawa ya kuandikiwa, na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wakija na gari lao hawatauliza kodi yako. Lakini hujaniandikia kuhusu sheria.

Nikupe mfano ambao wafugaji wa Kiruhura, magharibi mwa Uganda, wataumaliza kabla sijafika katikati. Walinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe kila walipoona kupe, wakipunguza kipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi, wakibadilisha aina, wakichanganya na sumu ya wadudu wa nyanya. Kupe waliokufa ni wale dhaifu. Leo kuna kupe wanaoogeshwa na kuendelea kunyonya. Kaveera yako ya kapsuli mbili ndiyo chupa hiyo, na vijidudu vina uhodari ambao kupe hana: bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake usugu, hata wa aina nyingine, humo humo tumboni au puani mwa dereva ambaye hana ugonjwa wowote.

Na doksi si dawa ya dereva peke yake. Aliyekunywa maziwa mabichi Nakasongola akapata brusela, anategemea doksi wiki 6 pamoja na dawa nyingine. Kipindupindu kikipiga kambi za wavuvi, doksi. Tauni ikitokea West Nile, ambako bado inajulikana, doksi ni mojawapo ya silaha. Ni dawa ya bei ndogo sana, ndiyo maana elfu mbili kwa kapsuli mbili imenishangaza, lakini hilo ni la wewe na dhamiri yako.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo watu wa maduka hawasimuliwi. Mwanza, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliboresha tu huduma kwenye vituo vya afya: mhudumu afundishwe, dawa sahihi iwepo, mwenye dalili atibiwe vizuri na mwenzake aitwe. Maambukizi mapya ya HIV yakapungua kwa karibu asilimia 40. Rakai, hapa Uganda, kuanzia 1994 walifanya kitu kikubwa zaidi kwa macho: waliingia nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 wakiwapa watu wazima antibayotiki, wagonjwa na wasio wagonjwa. Kaswende ilipungua, trikomonasi, ugonjwa mwingine wa zinaa, ilipungua. HIV haikupungua hata kidogo, waliopewa dawa hizo na wasiopewa walikuwa sawa. Wataalamu wamebishana miaka mingi kwa nini, na ni kweli ukimwi wa Rakai ulikuwa umekwenda mbali kuliko wa Mwanza. Mimi nachukua moja tu hapo: dawa kwa kila mtu haikuziba nafasi ya mtu mmoja anayejua kutibu mgonjwa aliye mbele yake. Na kwenye pakiti ya Rakai kulikuwa na sipro. Sisemi Rakai iliiua. Tumeiua sisi, dunia nzima, rejareja.

Kwa hiyo fanya haya, ambayo hayatakufilisi. Mwenye usaha usimwuzie sipro tena, ni kumwibia hela. Mwandikie jina la kituo cha afya na saa wanazofungua, umpe karatasi hiyo mkononi. Wateja wa karatasi hurudi kununua panadoli. Anayetaka "ya kesho", mwuzie kondomu za leo, ziweke mbele pale pale unapoweka chaji za simu, siyo nyuma ya kabati ambapo mtu lazima atamke. Akikwambia imepasuka, mwambie PEP, na umwambie saa. Na mwenye karatasi ya daktari ya kapsuli 14 akikuomba umkatie nne kwa sababu hela haitoshi, mpe 14 kwa mkopo kama unamjua. Wenye maduka wa Bugiri mnakopesha sukari, hamtashindwa doksi.

Musawo, nina mimba ya miezi mitano, niko Arua. Kliniki wamenipima kidole, HIV sina, lakini wamesema kaswende iko. Mume wangu anasema yeye hana kidonda chochote, hachomwi sindano ya mtu mwingine. Je, vidonge vya doksi vinatosha nikimeza mimi peke yangu? — Mama mtarajiwa

Hapana mwanangu, doksi si ya mimba. Yako ni penisilini ya benzathini, sindano ya matako: moja, au tatu kwa kuachana wiki moja moja kama haijulikani ulianza lini kuugua. Inauma, mguu utavuta siku mbili, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Lakini ni dawa ambayo kaswende haijawahi kuizoea tangu miaka ya 1940, na inapita hadi kwa mtoto. Bila sindano, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa na ugonjwa.

Mume wako anaweza kuwa nayo bila kidonda, kidonda cha kaswende hukauka chenyewe na ugonjwa ukabaki kwenye damu. Mwambie sista anataka kumpima tu, tone moja la kidole, na kwenye kliniki nyingi mama anayekuja na mumewe hupitishwa mbele ya foleni. Wanaume wa Arua foleni hawaipendi. Akigoma kabisa, wewe kachomwe kesho, na kondomu mpaka akubali.